Kusoma ubunifu na midia katika shahada ya kwanza: mwongozo wa hatua kwa hatua

Anayejiandaa kusoma ubunifu na midia chuo kikuu mara nyingi huuliza kwanza aanze kujifunza programu ipi ya kompyuta. Ningemshauri aanze na swali lingine: kazi yangu inamfanya nini mtu anayeipokea, na nimejuaje? Shahada nzima inazunguka hapo. Bango, filamu fupi, tovuti, ramani, jalada la kitabu, vyote hupimwa kwa namna vinavyosomwa na watu ambao hawakuwepo vilipotengenezwa. Programu za kompyuta utazijua njiani, na baadhi yake zitakuwa zimeshabadilika kabla hujahitimu. Hatua zilizo hapa chini zimefuata safari yenyewe ilivyo, tangu kutuma maombi mpaka mradi wa mwisho.

Hatua ya 1: Chunguza orodha ya kozi, usiishie kwenye jina

Majina ya programu hizi za shahada hayaaminiki sana. Ubunifu wa mawasiliano, sanaa za midia, midia ya kidijitali, ubunifu wa grafiki: vyuo viwili vinaweza kutumia jina lilelile, kimoja kikakuweka studio siku nne kwa wiki na kingine kikakupa mihadhara na insha. Tafuta orodha ya kozi za kila muhula, uhesabu saa za studio, za mihadhara na za kuandika. Programu nyingi huchukua miaka mitatu au minne. Katika nchi za Ulaya zinazofuata mfumo wa Bologna wa kulinganisha shahada, utaona alama za masomo 180 au 240, na alama 60 ni sawa na mwaka mmoja wa masomo ya kutwa.

Kisha uliza mambo ambayo vipeperushi havisemi. Mwanafunzi anaazimwa kamera kwa siku ngapi? Karakana ya uchapaji inafunguliwa jioni? Kikundi cha studio kina watu wangapi kwa mwalimu mmoja? Tazama kazi za wahitimu wa karibuni. Zikifanana zote kana kwamba zimetoka kwenye mkono mmoja, jua walimu wanafundisha mtindo wao kuliko wanavyofundisha kufikiri.

Angalia pia ni lini unalazimika kuchagua fani. Kama bado hujui unaelekea kwenye filamu, herufi au uhuishaji, mimi ningechagua programu yenye mwaka wa kwanza wa pamoja. Utaratibu huo una historia ndefu. Shule ya Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliwapitisha wanafunzi kwenye kozi ya awali kabla ya kuwaruhusu kuingia karakana. Johannes Itten ndiye aliyeianzisha kozi hiyo, na baadaye László Moholy-Nagy na Josef Albers wakaiendeleza. Mwanafunzi alishika karatasi, mbao, chuma na rangi, akajua kila kimoja kinakubali nini na kinakataa nini. Shule ilifungwa mwaka 1933, lakini mwaka wa kwanza wa vyuo vingi vya ubunifu duniani bado una sura ya kozi ile.

Hatua ya 2: Andaa mkusanyo wa kazi unaoonyesha ulivyofikiri

Hapa ndipo waombaji wengi wenye kipaji huangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na maelekezo ya chuo na uyafuate neno kwa neno. Wakisema kazi 15, usitume 22 ukidhani bidii itaonekana. Kitakachoonekana ni kwamba hukusoma. Wakitaka faili moja ya PDF isiyozidi ukubwa fulani, ipunguze mapema, kisha uifungue kwenye simu na kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya kuituma. Weka kazi yako bora mwanzoni na inayofuata kwa ubora mwishoni, kwa sababu wasomaji hupitia mafaili mengi kwa siku moja na katikati macho huchoka.

Wanaochagua wanafunzi hawatafuti mtu aliyekwisha kuwa mtaalamu. Wanatafuta mtu anayefundishika, na hilo huonekana kwenye rasimu zako. Chukua mfano wa bango la maktaba ya shule. Ukurasa mzuri hauna bango peke yake. Upande wa kushoto kuna vimchoro vinane vya penseli, kila kimoja kikubwa kama kiberiti, vimefanywa haraka bila kufutwafutwa. Kimoja kimezungushiwa duara, na pembeni pameandikwa kwa mkono: “hiki kinasomeka kutoka ng’ambo ya ukumbi.” Chini yake ipo picha ya rasimu ya kwanza ikiwa imebandikwa ukutani, na alama ya kalamu nyekundu pale ambapo saa za kufungua zilipotea ndani ya picha. Kulia ndipo lilipo bango lililokamilika, saa zile zikiwa zimehamia juu. Maelezo hayazidi mistari minne: tatizo lilikuwa nini, lilikuwa la nani, ulibadilisha nini, na nini bado hakijakuridhisha. Msomaji akifika hapo anakufahamu kuliko ambavyo angekufahamu kwa mabango kumi yanayong’aa.

Weka pia michoro ya vitu ulivyovitazama kwa macho yako: viatu mlangoni, mkono wa mtu akimenya, ngazi zinazopinda. Kunakili wahusika wa katuni, hata kwa ustadi, kunaonyesha subira lakini hakuonyeshi jicho. Kazi ya kikundi inaruhusiwa mradi useme wazi wewe ulifanya sehemu gani. Na kama ulitumia programu ya akili bandia kutengeneza picha au maandishi, soma kwanza kanuni za chuo. Kama zinaruhusu, taja mahali ulipoitumia. Mkusanyo wa kazi ni ushahidi, na ushahidi uliochanganywa huharibu hata sehemu yake iliyo ya kweli.

Kupiga picha kazi zako ni jambo dogo linaloharibu mengi. Iweke karibu na dirisha, zima flashi, simama kamera ikiwa sambamba na karatasi ili kona zisipinde, kisha kata kingo.

Kwenye usaili tarajia “kwa nini?” nyingi. Kwa nini rangi hii? Kwa nini picha hii ipo kubwa? Jibu la “nilipenda tu” linakubalika mara moja, lakini si kila mara.

Hatua ya 3: Mwaka wa kwanza, rudi kwenye misingi bila haraka

Mwaka huu huonekana wa kitoto kwa mtu aliyekuwa tayari anatengeneza nembo na video kabla ya kuingia chuo. Usiubeze. Mazoezi yake ni madogo kwa makusudi, ili ubadilishe kitu kimoja na uone kilichotokea.

Kwa upande wa herufi, chukua maandishi ya ukurasa mmoja, tumia fonti moja, ukubwa mmoja, unene mmoja. Ruhusa uliyonayo ni kusogeza na kuacha nafasi tu. Tengeneza kurasa kumi tofauti. Utagundua kwamba nafasi tupu ndiyo inayomwambia msomaji kipi kianze na kipi kinaambatana na kipi. Kwa maandishi marefu, mstari wa herufi 45 hadi 75, nafasi zikihesabiwa, husomeka bila taabu, na umbali wa mstari hadi mstari wa asilimia 120 hadi 145 ya ukubwa wa herufi hutosha. Ukipanga Kiswahili, kumbuka vitenzi vyetu hubeba sentensi nzima ndani yake. Safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili itaacha mashimo meupe kati ya maneno. Panua safu, au nyoosha upande wa kushoto pekee, na ukilazimika kukata neno, likate mwisho wa silabi. Kagua kwa macho yako, kwa sababu mara nyingi programu hukata maneno yetu kwa kanuni za lugha nyingine.

Kwa upande wa rangi, fanya zoezi alilolifundisha Albers kwa miaka mingi: kata vipande viwili vidogo vya karatasi ya rangi ileile, weka kimoja juu ya rangi nzito na kingine juu ya rangi nyepesi. Vitaonekana rangi mbili tofauti. Tumia karatasi halisi, maana mwangaza wa kioo cha kompyuta hukushawishi kirahisi. Ukishaliona hilo, hutachagua tena rangi ikiwa peke yake, utaichagua pamoja na jirani zake.

Kuna rangi pia na watu wasioiona kama wewe. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 hupata shida kutofautisha rangi fulani, hasa nyekundu na kijani. Kwa hiyo usiiache rangi peke yake ibebe ujumbe. Ongeza umbo, neno au mstari. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayohusu tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma iwe angalau 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Programu za bure za kupima zipo nyingi. Jizoeze kupima tangu kazi ya kwanza.

Kwa picha zinazotembea, rudia jaribio linalohusishwa na mtengeneza filamu Mrusi Lev Kuleshov mwanzoni mwa karne ya 20. Rekodi uso wa mwenzako ukiwa umetulia, hana furaha wala huzuni. Uunganishe na picha ya sahani ya chakula, kisha uso uleule na picha ya kitanda kitupu, kisha na mtoto anayecheza. Waonyeshe watu tofauti na uwaulize mhusika anahisi nini. Watakutajia njaa, majonzi, upendo, na uso haukubadilika hata kidogo. Hapo utaelewa maana inazaliwa wapi katika uhariri.

Sauti nayo isichukuliwe kama kiambatisho. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga, lakini sauti isiyosikika humwondoa. Leta maikrofoni karibu na mdomo wa msemaji, sikiliza kwa vipokea sauti unaporekodi, weka kiwango cha kurekodi sauti kiwe kHz 48 kwa kazi za video, na kabla ya kuondoka rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho. Ukimya huo utakuokoa utakapoziba mapengo kwenye uhariri.

Hatua ya 4: Jifunze programu kupitia kazi, siyo kazi kupitia programu

Unahitaji moja ya vekta (michoro inayokuzwa bila kuharibika), moja ya picha za pikseli (zinazoundwa na vinukta vya rangi), moja ya kupanga kurasa na moja ya kuhariri video. Kama chuo hakikupi leseni, Inkscape, GIMP, Krita, Scribus, Blender na Audacity ni huru na bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa kazi za wanafunzi. Anayejua kwa nini anasogeza kitu atahama kutoka programu moja kwenda nyingine kwa majuma machache.

Ya kuchapa yana desturi zake: rangi za CMYK (wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi), picha za nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi, milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata. Ya skrini huenda kwa RGB (mwanga mwekundu, kijani na bluu). Zungumza na mchapaji kabla ya kukamilisha faili, kwani yeye ndiye anayeijua mashine yake.

Hatua ya 5: Kitumie kikao cha uhakiki

Kila baada ya wiki chache kazi hubandikwa ukutani, darasa na walimu wakaisema mbele yako. Kuna wanaotoka hapo wakilia na wanaotoka wakiwa na kazi bora, na mara nyingi tofauti iko kwenye maandalizi kuliko kwenye kipaji.

Bandika kazi kabla hujafungua mdomo. Waache waitazame kwa dakika moja, kwa sababu huko duniani hutasimama kando ya kila bango ukilieleza. Kisha sema tatizo kwa sentensi mbili na uulize swali moja mahususi. “Mnaonaje?” huzaa majibu ya adabu. “Jicho lako lilitua wapi kwanza?” huzaa jibu linalotumika. Usianze kwa kuomba radhi kwamba muda haukutosha. Mwombe mwenzako akuandikie yanayosemwa, maana mtu anayejitetea hasikii vizuri.

Mtu akisema “siipendi”, usibishane wala usikubali haraka. Muulize ni sehemu gani, na alipoiona alitarajia kufanya nini. Mara nyingi chini ya kutopenda kuna jambo linaloonekana: kichwa kimezidiwa na picha, au mtu kwenye picha anatazama nje ya ukurasa na msomaji anamfuata huko nje.

Usirekebishe kitu usiku uleule. Kesho yake soma yaliyoandikwa na uyatenge. Kuna yale waliyoyasema watu watatu au wanne bila kusikizana: hayo yashughulikie kwanza. Kuna ya ladha ya mtu mmoja: yapime, unaweza kuyaacha. Na kuna yale yanayohitaji uangalifu zaidi, ambapo msemaji ameona tatizo la kweli lakini akapendekeza dawa isiyofaa. “Ongeza rangi nyekundu” huenda inamaanisha tu kwamba jambo la muhimu halionekani, na pengine dawa yake ni kuondoa vitu viwili vilivyo jirani.

Zamu yako ya kuhakiki ikifika, eleza kwanza unachokiona, halafu ulivyokielewa, halafu ndipo utoe hukumu. Anayeruka moja kwa moja kwenye hukumu humnyima mwenzake kitu pekee alichokuja kukitafuta, yaani kujua kazi yake imesomwaje.

Hatua ya 6: Ijaribu kazi kwa watu wasiokufahamu

Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000, kaunti ya Palm Beach huko Florida ilitumia karatasi ya kura yenye majina ya wagombea kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Nia ilikuwa njema: majina yakigawanywa pande mbili, herufi zingekuwa kubwa na wazee wangesoma kwa urahisi. Herufi zilisomeka kweli. Lakini tundu la pili kutoka juu halikuwa la jina la pili upande wa kushoto, lilikuwa la jina la kwanza upande wa kulia. Zaidi ya kura 19,000 katika kaunti hiyo ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mara moja, na jimbo zima likaamuliwa kwa tofauti rasmi ya kura 537.

Mfano huu napenda kila mwanafunzi aubebe, kwa sababu haukusababishwa na uzembe wala ubaya wa herufi. Aliyepanga alimfikiria msomaji, akatatua tatizo moja na kuzalisha jingine ambalo lingeonekana mara moja kama watu wachache wangepewa karatasi na kuambiwa: mpigie kura fulani.

Fanya hivyo kwa kila kazi. Tafuta watu watano wasio wanafunzi wa fani yako. Mpe kila mmoja jambo la kufanya, si swali la maoni: “tafuta saa ya kufunga”, “niambie filamu hii inamhusu nani”. Kisha nyamaza. Ugumu wote uko kwenye kunyamaza, kwani mkono utakuwasha kuonyesha kitufe. Andika wanaposita, wanaporudi nyuma, wanapokosea kwa kujiamini. Rekebisha, kisha jaribu tena kwa watu wengine watano. Majaribio madogo yanayorudiwa hukufunza zaidi kuliko jaribio moja kubwa mwishoni wakati hakuna tena muda wa kubadilisha.

Hatua ya 7: Isome nadharia kama chombo cha kazi

Wapo wanaoziona kozi za nadharia kama kodi wanayolipa ili waruhusiwe kurudi studio. Wanajinyima. Mwaka 1948 mwanazuoni wa mawasiliano Harold Lasswell aliweka mawasiliano kwenye maswali: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Yajibu kwa maandishi kabla ya kuanza mradi wowote na utaona ni lipi hujui. Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni na midia, mwaka 1973 akaeleza kwamba mpokeaji si chombo kitupu: anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuukubali nusunusu, au kuupinga kabisa kulingana na anakotoka. Hilo ndilo unaloliona kwa macho kwenye jaribio la watu watano.

Ukiambiwa uandike insha kuhusu picha, tumia dakika kumi za mwanzo kuandika kilichomo tu: nani yuko wapi, mwanga unatoka upande gani, nini kimekatwa na ukingo. Usitafsiri bado. Insha nyingi dhaifu hukimbilia maana kabla ya kutazama.

Hatua ya 8: Linda faili, na heshimu kazi za wengine

Nakala tatu za kila mradi, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Majina ya faili yawe na tarehe na namba ya toleo, maana “mwisho_kabisa_2” haitakuambia lolote baada ya miezi miwili.

Picha iliyopo kwenye intaneti si ya bure kwa sababu inapakuliwa. Soma leseni. Leseni za Creative Commons, kwa mfano, hutofautiana: zipo zinazotaka tu umtaje mwenye kazi, zipo zinazokataza biashara, zipo zinazokataza kuibadilisha. Fonti pia zina leseni. Na unapomrekodi mtu, pata idhini yake kwa maandishi baada ya kumweleza kwa lugha anayoielewa picha itaonekana wapi.

Hatua ya 9: Mradi wa mwisho, panga ukirudi nyuma

Chagua swali dogo. “Mazingira” haliwezi kuwa mada, “kwa nini wagonjwa hukosea kufuata maelekezo ya kunywa dawa hii, na karatasi ya maelekezo ingepangwaje?” inaweza, kwa sababu una mtu wa kumfuata na kitu cha kupima.

Anza kalenda na siku ya maonyesho, urudi nyuma: siku za kubandika, siku za mchapaji, siku za kompyuta kutoa uhuishaji, kisha majaribio, kisha utengenezaji, na mwanzoni kabisa utafiti. Acha theluthi ya muda wote kwa majaribio na marekebisho. Kama mafunzo kwa vitendo yanaangukia mwaka huo au kabla yake, chagua mahali ambapo utakaa karibu na mtu anayefanya maamuzi, hata kama ofisi ni ndogo na jina lake halijulikani.

Hifadhi rasimu zote, hata zile zilizoshindwa, na andika tarehe juu yake. Watahini watazitaka, na mwajiri wa kwanza naye atazitaka. Siku ya maonyesho piga picha za kazi ikiwa na watu mbele yake kabla haijabanduliwa. Andika orodha ya wote waliokusaidia na walichofanya. Kisha hamisha kila kitu kutoka kwenye akaunti ya chuo kwenda kwenye chombo chako mwenyewe, na toa nakala za PDF zenye fonti zilizopachikwa ndani, kabla chuo hakijaifunga akaunti hiyo.